Twende Mkutanoni

Msusi wa mtaa ule alijaliwa vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Alisukia barazani kwake, yeye juu ya kiti, mteja chini kwenye mkeka, kichwa cha mteja kikiwa kimebanwa katikati ya magoti ya msusi. Mtu akishaingia hapo hana pa kukimbilia. Atasukwa na atasimuliwa, apende asipende, na akiinuka atakuwa mzuri wa kichwa na mzito wa habari.

Kusuka hakufundishwa na mtu. Tangu utotoni alisuka chochote chenye nyuzi: pindo za pazia, majani ya uwanjani, kamba za viatu vya baba yake akiwa amelala. Aliwahi kusuka hata mkia wa mbuzi wa jirani, na wanaokumbuka wanasema yule mbuzi alitembea kwa maringo mpaka nywele zilipofumuka. Alipokua akaolewa na fundi baiskeli, mwanamume mwema, mwenye grisi kwenye kucha na maneno ya kuhesabika. Kasoro yake ilikuwa moja. Kazi ikiisha, hunawa mikono, hujifuta, husema, "Mke wangu, natoka kidogo, nikaangalie hali ya hewa."

Hali ya hewa, ndugu zangu, iliangaliwa kilabuni. Nyuma ya kiwanda cha mbao kulikuwa na banda la jiji alilopangishwa muuza pombe mmoja, na huko mvua ilinyesha ndani ya vikombe peke yake. Msusi alilichukia banda lile kama mtu anavyomchukia mke mwenza.

Nyumbani kwao aliishi pia mama mzazi wa msusi. Bibi huyu alikuja baada ya kufiwa na mumewe, akapewa chumba cha uani, akalala akatazama ukuta. Basi. Binti yake akiingia asubuhi, "Mama, umeamkaje?" Bibi anajibu, "Nipo." "Utakunywa chai?" "Nipo." "Mama, nyumba inaungua!" "Nipo." Msusi, ambaye maneno kwake yalikuwa kama maji kwa samaki, hakuwahi kukutana na ukimya wa namna ile. Alijaribu habari za harusi, za ugomvi, za watu waliokimbia madeni. Ukuta ulisikiliza. Bibi hakusikiliza.

Siku moja akachoka. Akamvalisha mama yake khanga, akamshika mkono, akamburuta kwa heshima mpaka Bati Jekundu.

Bati Jekundu lilikuwa jengo refu la mtaa mzima, lililojengwa na wakazi wenyewe enzi za babu zao na ardhi yake ikiwa ya jiji. Bati lake lilikuwa jekundu kweli zamani. Sasa lilikuwa na rangi ya chai iliyolala. Mlango wake haukufunguka mpaka uunyanyue kwanza, ndipo usukume. Mle ndani watoto walifanya kazi za shule kwa sababu nyumbani hakuna meza, kina mama walishona, watu waliooa walisherehekea na waliofiwa walikaa. Juu ya mlango paliwahi kuwa na jina rasmi la herufi za saruji, lakini zilikwisha kudondoka nyingi, na zilizobaki zilisomeka kama mtu anayepiga chafya. Jina lenyewe hakuna aliyelikumbuka. Kila mtu alisema Bati Jekundu, na aliyeuliza njia aliambiwa Bati Jekundu.

Kwenye pembe ya jengo lile alikaa mzee fundi saa na ubao wake wa drafti. Kete zilikuwa vizibo vya soda: upande mmoja vyekundu, upande wa pili vya kijani. Alikuwa amewafunga wanaume wote wa mtaa na alikuwa anaanza kuchoka na ushindi.

"Karibu, bibi," alisema. "Keti hapo uone wanaume wanavyocheza."

Bibi akaketi. Akatazama ubao kama alivyotazama ukuta. Fundi saa akasogeza kizibo chake kwa madaha, na ndipo bibi akatoa sentensi yake ya kwanza tangu msiba.

"Hiyo inaliwa, mjinga wewe."

Ikaliwa kweli. Msusi alitoka nje akalia, kisha akarudi kwa wateja wake na kuwasimulia huku analia tena.

Tangu siku hiyo bibi hakutazama ukuta. Kila alasiri alikuwa Bati Jekundu, amejifunga khanga kiunoni, anakula kete za wanaume na kutafuna majina yao. "Leta nyingine, hii haikunijaza." "Wewe saa unazitengeneza, mbona muda wako huuoni ukikwisha?" Alikuwa na bahati ya ajabu ya kufikisha kete mwisho wa ubao na kupata kingi, na hapo ndipo alipopata jina: Bibi Kingi.

Alikuwa na tabia moja iliyomkera fundi saa kuliko kufungwa. Jua likianza kuinama, Bibi Kingi huinuka katikati ya mchezo. "Iachwe hivyo hivyo. Kesho."

"Bibi wee! Lakini hapa nilikuwa nakaribia kushinda!"

"Ndiyo maana."

Binti yake alimuuliza siku moja kwa nini hamalizi. Bibi Kingi akasema, "Mtu akimaliza mchezo huenda zake. Asiyemaliza hurudi."

Msusi alicheka tu. Hakuona kwamba mama yake alikuwa akijisema mwenyewe: kwamba aliamka asubuhi, akaoga, akajipaka mafuta, kwa kuwa pale pembeni palikuwa na vizibo vinavyomngoja.

Sasa sikilizeni jinsi mdomo ulivyomponza mwenyewe.

Gari la matangazo lilipita, likaita watu kwenye mkutano mfupi mbele ya ofisi ya mtaa. Wakazi wa pale hawakuwa watu wa mikutano. Walijitokeza wanawake wachache waliokuwa dukani, na msusi alikuwa mmoja wao, amekwenda kununua nyuzi za kusukia. Afisa wa jiji, kijana mpole aliyefunga vifungo vya shati mpaka shingoni, alishika kipaza sauti kilichokohoa kuliko yeye.

"Ndugu wananchi, jiji linakusudia kuuza klabu ya wakazi i—" Krrrrr.

Msusi alisikia neno moja tu: kilabu. Hakungoja kusikia kama ni "kilichopo" au "iliyopo". Palepale aliona banda la nyuma ya kiwanda cha mbao likibomolewa, vikombe vikikusanywa, na mume wake akirudi nyumbani mapema na kuangalia hali ya hewa dirishani kama watu wengine. Akatupa mkono juu, akapiga vigelegele vilivyowaamsha kuku wa pande zote.

"Kiuzwe! Kiuzwe hata leo! Na vikombe vyake!"

Wale wanawake wengine, ambao waume zao nao walikuwa wataalamu wa hali ya hewa, wakadaka. Vigelegele juu ya vigelegele. Afisa maskini tangu aajiriwe alizoea kupokewa kwa manung'uniko. Alivua miwani akaifuta, akaandika, akashukuru, akaenda zake akiwa na furaha ya bwana harusi.

Jioni ile fundi baiskeli alipokewa na mkewe kwa tabasamu, maji ya kunawa na kiti kilichofutwa. Alikaa kwa wasiwasi. "Nani amekufa?" aliuliza.

Haikupita muda, alasiri moja msusi akiwa na kichwa cha mke wa muuza duka kati ya magoti, akamwona mama yake anarudi kabla ya saa yake. Bibi Kingi alikuwa amekumbatia ubao wa drafti kifuani, vizibo vikilia mfukoni.

"Mama, kulikoni? Fundi saa anaumwa?"

"Wamekuja vijana wana rangi. Wamepiga ukuta wa Bati Jekundu alama ya mkasi, ile X ya kuvunja, nyekundu, kubwa hivi." Bibi alionyesha kwa mikono. "Wanasema linauzwa. Jiji limewauliza wakazi na wakazi wamekubali. Eti kuna mpumbavu mmoja alipiga vigelegele."

Chanuo kilisimama kichwani. Chini ya magoti, mke wa muuza duka, ambaye naye alikuwepo siku ile, alianza kukohoa. Msusi alimbana kichwa kidogo kumkumbusha kwamba nyuzi zake bado ziko mikononi mwa mtu.

Bibi Kingi akaingia chumbani. Akasukuma ubao uvunguni. Akalala, akageukia ukuta.

Msusi hakumaliza hata kufunga kilemba vizuri, akawahi ofisini kwa afisa.

"Mwanangu, pale pamekosewa," alianza. "Sisi tulidhani unazungumzia kilabu. Kile cha pombe."

"Mama, nilisema klabu ya wakazi *iliyopo* katika mtaa huu, yaani hilo Bati Jekundu lenu. Sikusema *kilichopo*."

"Kipaza sauti chako kilisema krrr!"

"Kabla ya krrr nilisema 'i'." Afisa alifungua faili kwa huzuni. "Na mimi nimeshaandika, tazama: 'Wakazi waliunga mkono kwa vigelegele.' Nimeandika kwa wino, mama. Kazini walinipongeza."

"Basi andika kwamba wakazi wamevimeza."

Afisa alicheka bila kutaka. Hakuwa mtu mbaya. Akamweleza kwamba kamati ya jiji ilikuwa inakuja kulikagua jengo lenyewe, na ndipo pingamizi zitasikilizwa, palepale ndani. "Lakini mama, nikwambie kweli? Karatasi inasema jengo halitumiki. Kamati ikikuta viti vitupu, imekwisha hiyo. Na watu wako nawajua. Mkutano wa maji walikuja wawili, na mmoja alikuwa amepotea njia."

Njiani kurudi, msusi aliyezoea kusalimia mpaka nguzo za umeme hakumsalimia mtu. Aliingia chumba cha uani akasimama mlangoni.

"Mama, nikuletee chai?"

"Nipo."

Neno lile lilimpiga kifuani. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akatazama mgongo wa mama yake, na mdomo ambao haukuwahi kukosa la kusema ukatafuta pa kuanzia.

"Mama. Yule mpumbavu wa vigelegele..."

"Najua."

"Nani amekwambia?"

"Nani aniambie?" Bibi hakugeuka. "Vigelegele vyako vinafika Bati Jekundu. Siku ile nilikuwa nimeshika kete. Nikamwambia fundi saa, sikia, yule ni wangu, leo amefurahi. Nikafurahi na mimi. Kumbe unaniuza."

Msusi akaanza kulia, na bibi akamwacha alie kidogo, kwa kuwa alikuwa na haki yake.

"Sasa nenda ukavirudishe," alisema hatimaye.

"Vigelegele havirudi, mama."

"Basi vifuate."

Kesho yake kila kichwa kilichoingia kati ya magoti kiliambiwa habari ya kamati, na kila kichwa kilikubali. "Nitakuja dada, Mungu akijalia." "Mbona nitakuwa wa kwanza!" "Wakinikosa mimi, ujue nimekufa." Msusi alizijua ahadi hizo. Mungu alikuwa akijalia kila mara, watu ndio hawakujalia. Kichwa kikishasukwa huinuka, hujitazama kiooni, huenda zake.

Hapo ndipo mkono wake uliposimama. *Mtu akimaliza mchezo huenda zake.* Alikuwa amefika katikati ya kichwa cha mwalimu wa chekechea. Upande wa kushoto mistari ilikuwa imelala vizuri, imerudi nyuma sawasawa. Ulikuwa ule mtindo mwepesi uitwao twende kilioni, unaosukwa haraka haraka mtu anapoitwa msibani. Upande wa kulia nywele zilisimama kama zimesikia habari mbaya.

"Inuka, mwalimu. Tayari."

Mwalimu akajipapasa. "Tayari wapi? Dada, huku bado!"

"Huko nitakumalizia Bati Jekundu, siku ya kamati."

"Wewe! Nina darasa kesho! Watoto watanionaje?"

"Wakae upande wa kushoto."

"Dada, usinitanie, mimi ni mtu mzima!"

"Ukiwa mtu mzima utakuja. Siku ile utakaa nami kiti cha mbele, nitakusuka mpaka ung'ae."

Mwalimu alitukana, alibembeleza, alicheka, akajifunga kitambaa, akaondoka anasema atamwambia kila mtu. Ndicho msusi alichotaka. Aliyefuata, mke wa muuza duka, alikuja kwa udadisi akaondoka na nusu ile ile aliyoachiwa jana. Hakuweza kupinga. Vigelegele alivipiga na yeye.

Mchana ule ule Bibi Kingi alitoka chumbani, akaja akajishusha mkekani bila kuitwa. Nywele zake zilikuwa nyeupe na chache.

"Unataka nini, mama?"

"Hicho mnachosukana. Mtindo unaitwaje?"

Msusi akafikiri. "Ulikuwa twende kilioni. Sasa nadhani ni twende mkutanoni."

"Nisuke. Na usithubutu kumaliza."

Ng'ambo ya barabara palikuwa na kinyozi, mtani wa msusi wa miaka yote, mtu wa mikasi na majivuno. Alipoombwa aingie katika njama alikataa katakata. "Mimi nina jina, shemeji. Mtu akitoka kwangu nusu watasema mashine imekufa."

"Ulipooa, ulisherehekea wapi?"

"Bati Jekundu."

"Na ulipooa tena?"

"Ya pili tusiitaje." Kinyozi alitazama huku na huku. "Wanipe ndevu tu. Vichwa sigusi."

Lakini kinyozi akishaanza uchokozi hajui kuacha. Alianza na ndevu za shavu moja, akapanda kwenye vichwa. Wateja walisimama kioo mkononi wakipiga kelele, na yeye akijifuta mikono, "Iliyobaki ukumbini, bwana mkubwa. Kwa leo ndiyo imetoka hivyo." Fundi baiskeli alirudi kwake na shavu la kulia laini kama yai na la kushoto kama ufagio.

"Mke wangu," alisema kwa upole, "nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nenda kaangalie hali ya hewa."

Akaenda, na kule kilabuni akakuta wenzake wamekaa ubavu ubavu, kila mmoja amewageuzia wengine shavu lake zuri.

Mtaa ulibadilika sura. Vilemba viliadimika dukani. Watu walivaa kofia kwenye jua kali. Wawili wakikutana njiani, mmoja hunyanyua ncha ya kitambaa, "Na wewe?" Mwenzake hunyanyua ya kwake, "Na mimi." Wote wawili hucheka, kisha huzungumza, na wakizungumza huulizana hatima ya Bati Jekundu. Ndivyo ilivyokuwa. Watu ambao hawakuwahi kukaa mkutanoni walikaa mkutano mrefu barabarani bila kujua.

Siku ya kamati ikafika, asubuhi yenye upepo. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama wa makamo, mwenye mkoba mweusi na uso wa mtu aliyekwisha kusikia visingizio vyote vya dunia. Nyuma yake walikuja wajumbe wake na yule afisa, ambaye alikuwa amevaa kofia na kuivuta mpaka masikioni. Mjumbe mmoja alisukuma mlango. Haukutikisika. Akauvuta. Akaupiga bega.

"Unyanyue kwanza, mwanangu!" sauti ya kikongwe ilitoka ndani. "Halafu sukuma. Mlango huu unataka heshima."

Akaunyanyua, ukafunguka, na kamati ikasimama kizingitini. Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Waliokosa mabenchi walikaa sakafuni, waliokosa sakafu walisimama, na kwa kuwa ndani mlikuwa na joto, vilemba na kofia vilikuwa vimevuliwa. Kamati ilitazamwa na vichwa nusu na mashavu nusu ya mtaa mzima.

Mwenyekiti alitazama karatasi yake. "Hapa pameandikwa jengo halitumiki," alisema taratibu. Akatazama watu. "Kwanza naomba nielezwe. Mmepatwa na nini?"

Vidole vyote vikamwelekea msusi. Akasimama. Ulimi ule uliochosha mtaa ukakauka kama kitambaa kwenye kamba.

"Mheshimiwa, ni mimi. Vigelegele nilivipiga mimi. Nilisikia kilabu nikadhani mnauza kilabu cha pombe. Nikafurahi mno. Bati Jekundu sikujua kama lina jina lingine. Hakuna anayejua. Sasa nikaona nikiwaita watu kwa mdomo hawatakuja, nikawaita kwa nywele."

"Nilisema *iliyopo*," afisa alinong'ona.

"Kwa hiyo," mwenyekiti aliuliza, akijitahidi mdomo usicheke, "wakazi waliunga mkono kuuzwa nini?"

"Kilabu!" walipaza kina mama. "Kile cha nyuma ya kiwanda!"

"Hapana!" mashavu nusu yakanguruma. Fundi baiskeli, ambaye hajawahi kuhutubia hata mkewe, alijikuta amesimama. "Mheshimiwa, hali ya hewa..." alisema, kisha akakosa pa kuendelea, akaketi. Ukumbi ulicheka mpaka bati likaitikia.

Mwenyekiti alingoja watulie. "Nimewaelewa. Lakini nami mnielewe. Vichwa hivi vitamalizwa leo. Leo mmejaa. Kesho nani atakuwa humu? Siwezi kurudi kwa wenzangu nikawaambia jengo linatumika kwa sababu siku moja watu walisukwa nusu."

Kicheko kilikufa. Swali lilikuwa la haki, na kila mtu alitazama miguu yake. Msusi aligeuka kumtafuta mama yake. Bibi Kingi alikuwa pembeni pale pale, nusu ya kichwa ikiwa na mistari na nusu ikiwa wingu jeupe, ubao mapajani. Hakuwa ameacha kucheza tangu kamati iingie.

"Mimi," alisema, macho kwenye vizibo.

"Bibi, wewe kesho unakuja kufanya nini?"

"Nina mchezo haujaisha."

"Utaisha lini?"

"Ukitaka kuuza, njoo siku utakapoisha."

"Hauishi huo, mheshimiwa," fundi saa alidakia kwa uchungu. "Mimi ni shahidi. Hauishi!"

Watu walicheka tena, lakini msusi hakucheka. Sauti yake ilikuwa imerudi, ndogo kuliko ilivyozoeleka. "Mheshimiwa, huyu ni mama yangu. Baba alipofariki, huyu alikuwa na neno moja tu, 'Nipo.' Nimlishe, nipo. Nimwimbie, nipo. Humu ndani ndimo maneno mengine yalimorudi. Mengi ni matusi, lakini yamerudi. Mlipopiga ule mkasi ukutani alilala tena akanijibu 'Nipo.' Kesho mimi sijui wengine. Huyu atakuja. Na asipokuwa na pa kuja, nitakuwa nimemzika mama yangu kwa vigelegele."

Mwenyekiti aliweka mkoba chini, akaenda pembeni, akainama juu ya ubao kwa muda.

"Hivi vyekundu ni vya nani?"

"Vya huyu asiyejua kucheza," Bibi Kingi alimwonyesha fundi saa. "Msaidie kama una akili."

Mwenyekiti akanyoosha kidole, akasogeza kizibo kimoja. Bibi Kingi akaruka juu yake, na juu ya kingine, na cha tatu.

"Umeliwa, mwanangu. Usikae barabarani."

Mwenyekiti alicheka kwa sauti, kicheko cha nyumbani, si cha ofisini. Akarudi mbele, akafunga karatasi yake. "Afisa, andika. Wakazi hawajaridhia. Jengo linatumika, kamati imeshuhudia na mwenyekiti ameliwa kete tatu. Nitalipeleka hivyo, na nitasimama nalo mpaka liondolewe kwenye mauzo. Mkasi ufutwe ukutani. Ila hilo bati mtapaka rangi wenyewe, na mrudishe herufi za watu."

"Na vile vigelegele vya mwanzo niviandikeje?" afisa aliuliza.

"Andika vilipotea njia," msusi alisema.

Na akapiga vingine. Safari hii afisa alivitambua vizuri. Katika kushangilia, mtu alimgonga kofia ikaanguka, na mtaa mzima ukaona kichwa cha afisa wa jiji: nusu kimenyolewa, nusu msitu. Siku mbili nyuma alikuwa amepita kwa kinyozi bila kujua lolote.

"Afisa!" kinyozi aliita kutoka nyuma, mashine mkononi. "Njoo babaa, zamu yako. Samahani, kwa kweli sikuweza kujizuia."

Kazi ikaanza. Msusi alisuka benchi kwa benchi, kinyozi alinyoa dirishani, watoto waliokota nywele. Mwalimu wa chekechea alipata kiti cha mbele kama alivyoahidiwa. Jua lilipoinama alibaki mmoja. Bibi Kingi alikuja na ubao wake, akaketi mkekani, na binti yake akamshika kichwa kwa mikono iliyochoka.

Alimsuka polepole. Mstari, mstari, mstari. Ukabaki mmoja nyuma ya sikio, na bibi akainuka.

"Mama! Bado huu mmoja."

"Uache."

"Utaonekanaje barabarani?"

Bibi Kingi aliweka ubao pembeni kwenye dirisha, vizibo vikiwa vimesimama vilivyo, akajifunga khanga yake, akaunyanyua mlango.

"Kama mtu anayerudi kesho," alisema.